Ruhusa ya Kumuua Sakabaka

Jumatatu, 5 Juni

Dawa ya moyo. Uji. Kiti uani, miguu juu ya kigoda kwa sababu imevimba tena. Asubuhi kama zote. Mwewe yuko juu ya nguzo ya umeme, naye kama kila asubuhi.

Kuna jambo nimelificha tangu turudi kutoka Tanzania. Mimi si Musinga, mtu wa ukoo wa Basinga. Mlima wetu wote wa Rugerero unanijua kuwa Musinga. Mwanangu anajua hivyo. Mke wangu alizikwa akijua hivyo. Si kweli. Mimi ni wa ukoo gani hasa, sitaandika leo. Mkono haujakubali.

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho nilichofundishia kule Karagwe mpaka nywele zikawa nyeupe, na kwa kuwa humu ndani hakuna atakayesoma ukurasa mzima wa Kiswahili kwa hiari yake. Béata, mke wa mwanangu, anazungumza kile cha Goma alikokulia. Kusoma, anasoma Kifaransa na Kinyarwanda.

Daktari alisema moyo umekuwa mkubwa na umechoka. Hakutaja muda. Aliposema alimtazama Béata badala yangu, nikaelewa.

Jumatano, 7 Juni

Mama Divine amekuja. Ni jirani yetu wa chini, kiongozi wa kikundi cha akina mama wafugaji wa kuku. Kikundi kimepata kibali cha kuwa na bunduki moja ya upepo. Walikizungusha kwenye ofisi mpaka wenyewe wakachoka. Sasa kibali kipo, bunduki hakuna, na hakuna anayejua inunuliwe ipi. Béata amewaambia kwamba nilipokuwa mwalimu nilikuwa nikiwinda kanga na kwale kwa bunduki ya upepo, nikiwapelekea wanafunzi kitoweo. Ni kweli. Hilo moja ni kweli.

Mama Divine alikaa, akafunga vizuri kitenge chake, akasema, "Muzee, sisi tunajua kuchagula mabwana tu, na hata pale tulikosea. Bunduki utuchagulie wewe."

Nilicheka mpaka nikakohoa.

Nikamuuliza adui ni nani. Panya wanaokula chakula cha vifaranga. Kunguru wanaotoboa mayai. Nguchiro, yule mnyama mrefu mwembamba anayeingia bandani mchana kweupe. Halafu akatazama juu ya nguzo, akasema taratibu kwamba yule hawamhesabu. Yule ni wangu.

Maana yake ni hii. Kila ukoo una mnyama wake, na mnyama wa Basinga ni sakabaka, ndiye huyu mwewe. Musinga hamuui. Mtu mwingine akitaka kumuua, kwa imani ya mlima huu, lazima apewe ruhusa na Musinga kwa mdomo wake. Akimuua bila ruhusa, sakabaka huyo huyo atarudi, na badala ya vifaranga atachukua mtoto.

Mimi ni mtu wa shule. Siamini. Hata hivyo usiku huu sikutaka dirisha liachwe wazi.

Jumamosi, 10 Juni

Sakabaka ameteremka tena. Amechukua kifaranga cheusi cha Béata, kimoja cha vile vikubwa. Hakupiga kelele hata kidogo. Kivuli kilipita juu ya mikono yangu, baridi, kisha nafasi ikabaki tupu mahali kifaranga kilipokuwa. Kuku mama aliendelea kuparua ardhi kana kwamba hakuwahi kuwa nacho.

Nilimwona vizuri alipogeuka. Bawa la kushoto limepungukiwa unyoya mmoja, karibu na ncha. Ukimtazama angani utaona mwanga ukipita hapo, kama jino lililong'oka.

Béata ana mimba ya miezi mingi sasa. Waliingoja muda mrefu, yeye na mwanangu, mpaka watu wakaacha kuuliza. Mwanangu anaendesha lori la mizigo na huonekana kwa nadra. Kwa hiyo nyumbani ni mimi, Béata, na tumbo lake. Kuku ni wake, na kila kuku ana kazi yake kwenye mipango ya huyo mtoto.

Alisimama katikati ya ua akitazama juu, mkono kiunoni.

Jumanne, 13 Juni

Mfanyabiashara kutoka Kigali ameleta bunduki tatu za kujaribu. Mama Divine na wenzake walikuwepo, na ofisa aliyekuja na mfanyabiashara huyo kuhakikisha kibali. Nilipewa kiti karibu na meza kama hakimu.

Ya kwanza: nyepesi, ya springi, tundu la milimita nne na nusu. Unavunja mtutu kama unavunja kuni, springi inajibana, unaweka kidonge cha risasi, unafunga. Kidonge chake ni chepesi na kinakwenda haraka, njia yake imenyooka. Kwa panya na kunguru inatosha. Kwa mnyama mkubwa kidogo kinaweza kupita upande mpaka upande naye akaondoka na jeraha, akafia mbali.

Ya pili: ya springi pia, milimita tano na nusu, nzito, kitako cha mti mzuri. Kidonge kizito. Kinakwenda polepole zaidi lakini kikifika kinagonga na kukaa. Nguchiro ataanguka pale pale. Ubaya wake ni kuivunja. Béata aliweza. Mama Divine aliweza kwa matusi. Mimi sikuweza.

Ya tatu: ina chupa ya hewa chini ya mtutu, haina teke la begani, mtoto angeifyatua. Lakini lazima ujaze hewa kwa pampu ndefu, na mipira yake ya ndani ikikauka, hapa wilayani Rubavu hakuna wa kuitengeneza. Niliikataa mara moja.

Niliwaonyesha mahali pa kujaribia. Nilikataza kabisa kulenga kwenye ukuta wa mawe ya volkano, maana kidonge kikigonga jiwe kinarudi machoni mwa aliyekituma. Tulisimamisha vipande vya mgomba na kubandika karatasi juu yake. Mgomba ni laini, unameza kidonge na haukirudishi. Niliwafundisha kuegemeza mkono bila kuibana bunduki, maana ya springi ukiibana inarukia inakotaka. Béata alikuwa na shabaha kuliko wote. Karatasi yake ilikuwa na tundu moja tu lililopanuka.

Jibu lilikuwa wazi. Ya pili. Kila nilichokijua kilisema ya pili.

Nilichagua ya kwanza. Niliwaambia ni kwa ajili ya mabega yao, ni nyepesi, kila mama ataiweza. Wakanishukuru. Bunduki itakaa kwetu, ndani ya sanduku lenye kufuli, ufunguo kwangu.

Nimekaa nikijiuliza kwa nini nilisema uongo juu ya chuma. Jibu nalijua. Ya kwanza ndiyo niliyoweza kuivunja kwa mikono yangu.

Ijumaa, 16 Juni

Panya wawili na kunguru mmoja. Béata alipiga wote. Kunguru wengine waliondoka kwa kelele, hawajarudi. Nguchiro hajaonekana.

Sakabaka hakuondoka. Alikuwa juu ya nguzo wakati wote wa milio. Hakutikisika. Anatazama huku chini, na si kwenye banda. Nimehakikisha. Nilisogeza kiti kwenye pembe ya jiko, kichwa chake kikanifuata. Nikarudi mlangoni, kikanifuata.

Béata naye ameona. Alisema akicheka kidogo, "Papa, ndege yako iko inakuangaria. Inataka kukusalimia."

Sikucheka.

Jumapili, 18 Juni

Béata alipokwenda kanisani nilifungua sanduku nikatazama kwa darubini ya bunduki, bila kidonge ndani. Nilitaka kuona kiota. Kiko kwenye mkaratusi mrefu chini ya shamba la Mama Divine. Vijiti, mfuko wa plastiki, kamba. Na kipande cha kitambaa cha kijani chenye maua ya njano.

Nakijua kitambaa hicho. Mke wangu alikuwa na kitenge hicho. Kilipotea kwenye kamba ya kuanikia mwaka aliougua, tukamlaumu mpita njia. Mwewe huokota matambara, kila mtu anajua, hupambia kiota. Hakuna ajabu.

Lakini kitambaa cha miaka ile kingekwisha kuoza. Kile kilikuwa kipya, na maua yake yaling'aa.

Niliifunga bunduki. Nilizungusha ufunguo mara mbili, nikavuta kufuli kuhakikisha.

Jumatatu, 19 Juni

Vifaranga viwili kwa asubuhi moja. Béata alikuja akasimama mbele yangu, bado ana unga mikononi.

Alisema kwamba hataki kunikosea adabu. Alisema kwamba anajua ndege ni wa ukoo wetu. Lakini ruhusa ni yangu, na nikiitoa hakuna litakalompata, kwa sababu tena amebeba Musinga tumboni, na sakabaka hawezi kumgusa mtu wa nyumbani kwake. Alikuwa amelifikiria sana, ilionekana. Alisema yote hayo kwa upole. Kisha akasema:

"Papa, sema tu neno moja. Mi nitapiga. We utabaki umekaa."

Neno moja. Ningeweza kulisema. Nimeyasema mengi ya namna hiyo.

Sikulisema. Nilimwambia hapana. Aliniuliza kwa nini. Nilimwambia hapana tena, kwa sauti ya darasani. Uso wake ulibadilika.

"Bon, sawa," akasema. "Unapenda ndege kuliko sisi."

Chakula cha jioni aliweka mezani akaenda kulala.

Alhamisi, 22 Juni

Lazima niandike uongo ulivyoanza, ili niuone.

Mwaka tuliorudi tulipewa viwanja hapa juu, kaya nyingi pamoja, wote tukilala chini ya turubai. Mvua ilikuwa karibu. Watu hawakutaka kuanza kujenga bila umuse. Umuse ni mtu wa moja ya zile koo tatu ambazo husemwa zilikuwa za kwanza katika ardhi hii: Basinga, Bagesera, Bazigaba. Ndiye anayepiga jembe la kwanza kwenye kiwanja kipya, anatamka maneno machache, ndipo nyumba inakubaliwa. Hapakuwa na yeyote. Tulikuwa watu wa kila mahali, tusiojuana. Mke wangu alikuwa anakohoa chini ya turubai na maji yalikuwa yanapita chini ya mkeka.

Mzee mmoja akauliza kwa sauti kama kuna Musinga hapo. Nikanyoosha mkono. Kama mwanafunzi.

Nilipiga jembe la kwanza kwenye viwanja vyote vile. Watu walijenga. Niliona ni jambo dogo, njia ya kuwaharakisha watu wanaoamini mambo ya kale. Baadaye waliniita kwenye kila kiwanja kipya, nikapewa kiti cha mbele na mrija wa kwanza kwenye pombe ya mtama. Nilizoea. Mke wangu alinitazama siku ile ya kwanza, akafurahi kwamba ameolewa na mtu mwenye asili. Hapo ndipo ingepasa niseme.

Sasa uongo huo uko tumboni mwa Béata. Angeshika bunduki kwa ruhusa isiyo ruhusa.

Siamini kwamba ndege huchukua mtoto. Nimeandika hivyo mara mbili sasa. Siamini. Lakini siwezi kumtuma kwenye giza nikiwa nimempa taa ambayo najua haina mafuta.

Jumamosi, 24 Juni

Leo ilikuwa umuganda. Kila mtu alikwenda kwenye kazi ya pamoja kuzibua mifereji ya barabara. Mimi husamehewa kwa umri. Béata alikwenda ingawa wangemsamehe yeye pia. Bado hataki kukaa na mimi. Mlima mzima ulikuwa kimya.

Kama ni kuuawa bila ruhusa, auawe na mimi, si na Béata. Nilifungua sanduku. Nilivunja mtutu kwa kuuegemeza pajani na kuulalia kwa mwili wote. Moyo uliruka. Nilikaa mpaka ukatulia. Nikaweka kidonge.

Nilikuwa nimechukua utumbo wa kuku jikoni. Niliuweka juu ya kisiki cha mgomba, pale pale tulipojaribia bunduki, nikaegemeza mtutu kwenye kiti na mimi nikapiga magoti nyuma yake. Magoti ya mtu wa umri wangu.

Hakuchelewa. Hakuzunguka juu kwanza kama wanavyofanya. Aliteremka moja kwa moja akatua kwenye kisiki. Hakugusa nyama. Alinigeukia akasimama kifua mbele, mabawa yamefungwa, kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Kwenye darubini macho yake yalikuwa ya rangi ya chai. Nilifyatua.

Kidonge kilipita. Nilijua kingepita. Nilikuwa nimewaeleza akina mama kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba kinapita. Alianguka chini, kisha akainuka kwa mabawa yake, akaja. Hakukimbia upande wa vichaka. Alikuja kwangu, akitembea kwa viwiko vya mabawa, polepole, bila sauti, mdomo wazi. Alifika kwenye kiatu changu. Nilimmaliza kwa fimbo yangu ya kutembelea. Ilichukua muda. Ile bunduki ya pili ingemwangusha pale pale.

Nilimzika kwenye shamba la viazi vitamu, nyuma ya choo, ardhi ni laini. Kabla ya kumfunika nilitandaza bawa la kushoto. Unyoya mmoja haupo. Ni yeye.

Nilinawa mikono. Nilifunga sanduku. Waliporudi nilikuwa kwenye kiti, miguu juu ya kigoda.

Jumatatu, 26 Juni

Nguzo ni tupu. Vifaranga vimetapakaa ua mzima.

Mama Divine amepita, akatazama juu, akatazama kwangu, akaketi bila kukaribishwa. Batu wanasema, alinieleza, kwamba Muzee amezungumza na ndege yake, na ndege imesikia. Walipokuwa kwenye mifereji hawakuona chochote angani, na waliporudi hayupo. Alisema tangu mwanzo alijua nilikataa ruhusa kwa sababu mtu hamuui ndugu, anamwomba.

Aliniletea mayai.

Béata alisimama mlangoni akisikiliza. Mama Divine alipoondoka, Béata alikuja akapiga magoti mbele yangu kama bibi harusi. Aliniomba msamaha kwa neno alilosema. Nilimwambia ainuke, tumbo hilo.

Niliyala mayai. Hayakuwa na ladha.

Jumatano, 28 Juni

Amerudi.

Niliinua kichwa kutoka kwenye uji na alikuwa juu ya nguzo. Nilijiambia mwewe huishi wawili wawili, huyu ni mwenzake, kiota bado kipo. Ni maelezo mazuri. Ningewafundisha wanafunzi hivyo.

Kisha akatandaza mabawa kujikausha, na mwanga ukapita kwenye bawa la kushoto, karibu na ncha.

Béata alipokwenda kuteka maji nilijikokota mpaka kwenye viazi. Udongo ulikuwa kama nilivyouacha. Nilichoma fimbo. Ilizama kidogo ikakuta kitu laini. Niliichomoa ikiwa na manyoya yameng'ang'ania. Kwa hiyo yuko chini. Na yuko juu.

Nilifuta fimbo kwenye majani ya viazi. Nilirudi kwa kushika ukuta.

Ijumaa, 30 Juni

Hagusi kuku. Tangu arudi hajagusa hata mmoja. Anateremka, anatua juu ya ukuta, vifaranga vinapita chini yake. Kuku mama hamwogopi. Mchana leo alitua kwenye ubao wa dirisha langu nilipokuwa nimelala, na chumba kikawa na giza. Alinuka damu na majani mabichi. Nilijifunika shuka mpaka akaondoka.

Béata ameanza kumlisha. Anaweka utumbo kwenye ukuta na kuongea naye kama mtu anavyoongea na shemeji. Amenenepa uso, anaimba. Sijamwona hivi tangu alipokuja nyumba hii.

Jioni alinieleza mpango wake. Mtoto akizaliwa, siku ya kumtoa nje na kumpa jina, kabla ya wageni kumshika, yeye atasimama hapa uani na kumwinua juu kwa mikono miwili.

"Ili ndege yetu imuone wa kwanza," alisema. "Imujue. Sivyo, Papa?"

Niliitazama mikono yake. Alikuwa ameinua hewa tupu, kunionyesha. Juu ya nguzo kichwa kilikuwa kimegeuka. Kwa mara ya kwanza hakikuwa kinanitazama mimi.

Jumamosi, 1 Julai

Sikulala. Najua ninavyoonekana: mzee mwenye moyo mbovu, dawa kali, miguu imejaa maji. Ubongo unaokosa hewa huona mambo. Nakubali yote hayo.

Lakini kama kuna sehemu ndogo tu ya mambo haya iliyo kweli, basi ni hii: atamwinua mtoto mbele ya kitu ambacho hakina undugu naye wowote. Atafanya hivyo kwa kuamini neno langu. Mimi sitakuwepo kumshika mkono. Nimehesabu pumzi zangu kwenye ngazi, najua.

Naogopa kumwambia kuliko ninavyoogopa kufa. Atamwambia mwanangu. Mwanangu atauliza nyumba zote hizi za mlima huu zimesimama juu ya nini. Kiti cha mbele kitaondolewa hata kabla sijazikwa. Ni aibu kuandika kwamba nakiwazia kiti.

Jumatatu, 3 Julai

Nimemwambia.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, miguu amenyoosha. Nilimwomba aache. Alidhani napata maumivu, akataka kuita moto, pikipiki ya abiria, inipeleke hospitali. Nilimwambia akae.

Nilianza na bunduki. Kwamba niliwachagulia mbaya kwa sababu mikono yangu haikuiweza ile nzuri. Kwamba niliua ndege siku ya umuganda, na mahali alipo. Kwamba hakuna mtu aliyezungumza na ndege yeyote. Kisha nikamwambia lile la viwanja, la turubai, la mkono niliounyoosha. Nilimwambia mimi si Musinga, wala mume wake si Musinga, na asimwinue mtoto kwa kitu kile.

Alisikiliza mpaka mwisho. Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza kupanda mlima, ukageuza majani ya migomba. Alichukua haragwe moja bovu kwenye ungo, akalitupa, akafuta vidole kwenye kitenge.

Aliniuliza kama mama mukwe alijua. Nilimwambia hapana. Akatikisa kichwa, kama vile hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Kisha aliweka mkono juu ya tumbo, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuuliza chumvi iko wapi:

"Basi huyu, Papa, atakuwa wa ukoo gani?"

Ukoo hutoka kwa baba. Mwanangu aliupata kwangu, na mimi ilinipasa niupate kwa mtu. Mama yangu alinizaa peke yake, akanilea peke yake, na kila nilipomuuliza alitafuta kazi ya kufanya. Nikakoma kuuliza. Alikufa ng'ambo, akazikwa ng'ambo. Sikuuficha ukoo wangu chini ya ule wa Basinga. Chini hapakuwa na kitu.

Nilimwambia Béata kwamba sijui. Baba yangu simjui.